Mfuko mmoja wa saruji

Toleo hili la jarida linahusu makazi ya Buhehe na vijiji vya mpakani Busia na Tororo, Uganda, lakini makala mengi yaliyoletwa yanazungumzia maghorofa. Ndiyo kawaida ya mjadala wa nyumba nafuu: mwananchi akitajwa, mchoraji anaanza na ngazi.

Kenya, ng'ambo ya mpaka, imelitia jambo hili katika sheria. Tangu Machi 2024 mfanyakazi anakatwa asilimia 1.5 ya mshahara wake, na mwajiri anaongeza kiasi hichohicho. Sheria hiyo inazitaja hata nyumba za vijijini. Lakini kwenye uzinduzi zinaonyeshwa fleti, kana kwamba Msamia wa Funyula mwenye shamba la babake anangoja ufunguo wa ghorofa ya nne.

Hapa jarida lina upande wake, wala halifichi. Ardhi Buhehe ipo, japo inamegwa kila kizazi. Kinachomkwamisha mtu ni saruji. Tororo, mji wa jirani, inatengeneza saruji tangu miaka ya 1950, ila mwanakijiji anainunua dukani mfuko mmojammoja wa kilo 50, kodi ya asilimia 18 ikiwa ndani ya bei. Nyumba yake hujengwa kwa misimu. Kiangazi anafyatua matofali na tanuri linakula miti. Mavuno yakiuzwa anachimba msingi. Mabati yanakuja baadaye, na ni ya geji 32 kwa kuwa ya geji 28 hayashikiki. Mvua ikiwahi kabla ya paa, ukuta uliounganishwa kwa tope unalainika na fundi anaitwa tena. Mpango unaohesabu nyumba zilizokwisha tu hauwezi kumwona mjenzi huyu, na ndiye anayejenga karibu kila nyumba kijijini.

Benki nayo inataka hati. Katiba ya Uganda ya 1995 inaitambua ardhi ya kimila, na Sheria ya Ardhi ya 1998 ikaleta cheti chake, lakini ni nani atakayeweka rehani shamba la ukoo ili apate sebule? Mtu huyu anahitaji mkopo mdogo wa hatua moja, wa paa au wa sakafu, aulipe kabla ya msimu ujao. Anahitaji pia mashine ya kukodi ya kushindilia matofali ya udongo na saruji kidogo. Moses Musaazi wa Makerere aliyaendeleza matofali ya namna hiyo yanayoshikana, na hayachomwi hata kidogo. Makala ya fundi kuhusu mashine hiyo ndiyo marefu kuliko yote humu. Hayakupunguzwa hata aya.

Makala ya fleti za Makunduchi, Zanzibar, yatawafaa wapenda historia. Ya kashfa ya mabati ya Karamoja yanasomeka kwa hasira.

Makala ya wajane yangestahili kutangulia. Sheria ya Uganda inataka ridhaa ya mke kabla ya mume kuuza ardhi wanamoishi; mume akishafariki, wa kwanza kuipima upya huwa shemeji.