Omega Si Herufi ya Kutisha

Katika Mkesha wa Pasaka padre huchora msalaba juu ya Mshumaa wa Pasaka, huandika Alfa juu yake, Omega chini yake, na tarakimu nne za mwaka katika pembe zake. Hapa Mkumbara, kama kwingineko, waamini tunauona mshumaa huo mara nyingi. Hata hivyo, wengi wetu tukisikia "Omega" tunawaza moto, vita na wahubiri wa stendi wanaotaja tarehe ya mwisho wa dunia. Tunaona herufi hii imeonewa.

Omega ni herufi ya 24 na ya mwisho ya Kigiriki. Wagiriki walipokea herufi zao nyingi kutoka kwa Wafoinike, lakini hii waliiongeza wenyewe. Wagiriki wa Ionia walitaka alama ya sauti ndefu ya "o", wakaifungua O upande wa chini: Ω. Athene iliipokea rasmi mwaka 403 kabla ya Kristo. Jina lake maana yake ni "o kubwa". Omikroni, tuliyoisikia mwaka 2021 wakati wa UVIKO-19, ni "o ndogo". Leo mwanafunzi wa fizikia anaitumia Omega kwa omu, kipimo cha ukinzani wa umeme kilichopewa jina la Mjerumani Georg Ohm. Fundi umeme anaiona kwenye mita yake wala haogopi.

Kitabu cha Ufunuo (1:8, 21:6, 22:13) kiliwaandikia Wakristo waliokuwa katika dhiki, ili wajue kwamba neno la mwisho si la Kaisari. Omega ni Kristo mwenyewe, si tarehe. Na siku ile, Bwana alisema, hakuna aijuaye (Mt 24:36).

Ndiyo maana mshumaa huohuo huwaka mtoto anapobatizwa, na huwekwa karibu na jeneza tunapomuaga marehemu. Mwaka wetu, pamoja na mavuno, ukame, ada za shule na misiba yake, umeandikwa kati ya Alfa na Omega, haukuachwa nje.

Basi sisi waseminari tusijifunze Kigiriki kwa ajili ya mtihani tu. Pamoja na makatekista, tuieleze herufi hii katika jumuiya ndogondogo, hasa penye msiba. Mfiwa anayeitambua Omega iliyo karibu na jeneza atajua ni nani anayempokea mpendwa wake.