Mchuzi wa Nyama si Nyama

Katika kliniki za watoto lipo swali tunalouliza kila siku, na jibu lake hutupotosha. Tunamuuliza mama: "Mtoto anakula nyama?" Naye hujibu kwa unyoofu kabisa: "Anakula, daktari." Tukiongeza swali la pili, "Nyama yenyewe au mchuzi wake?", mara nyingi habari hugeuka. Mtoto wa miezi tisa, au wa mwaka na nusu, amekuwa akipewa ugali uliolainishwa kwa mchuzi au wali uliomwagiwa supu, na finyango zenyewe zimebaki kwa baba na kaka zake wakubwa. Hakuna aliyemdhulumu kwa makusudi. Nyumba nzima inaamini kwamba nguvu ya nyama imeshuka mchuzini, na kwamba kilichobaki ni makapi ya kutafunwa na wenye meno.

Nathubutu kusema kwamba, katika nyumba zinazomudu kununua nyama ya ng'ombe walau mara moja kwa wiki, imani hii humnyima mtoto mdogo kuliko inavyomnyima bei ya buchani. Tena sisi wahudumu wa afya tumeshiriki kuieneza, kila tulipomwambia mzazi "mnyweshe supu apate damu" kisha tukamwita mgonjwa anayefuata.

Si imani ya kwetu peke yetu. Mwaka 1847 mkemia Mjerumani Justus von Liebig, mmoja wa wataalamu walioheshimiwa mno katika zama zake, alitangaza matumaini makubwa juu ya rojo lipatikanalo kwa kuchemsha nyama ya ng'ombe na kuipunguza maji. Mwaka 1865 ikaundwa kampuni iliyobeba jina lake, na huko Fray Bentos, nchini Uruguay, ng'ombe wengi wakachemshwa ili rojo hilo lisafirishwe Ulaya kwa wagonjwa na watoto. Wataalamu waliofuata walipolipima wakakuta ladha, chumvichumvi na hamu ya kula, lakini protini karibu yote ilikuwa imebaki katika nyama. Ikiwa mtu wa elimu ile aliteleza, bibi zetu wasilaumiwe.

Sababu yenyewe ni nyepesi kueleweka. Wekundu wa nyama hutokana na protini zilizobeba madini ya chuma. Moto ukizishika, protini hizo huganda na kubaki ndani ya nyuzi za nyama, kama ute wa yai unavyoganda sufuriani. Mchuzi huchukua mafuta, chumvi, harufu nzuri, jelatini ya mifupa na kano, na sehemu ya vitamini zinazoyeyuka katika maji. Chuma kilicho kingi, na protini iliyo nyingi, havitoki. Kwa hiyo anayekunywa supu ameburudika, na anayekula finyango ndiye aliyelishwa.

Kwa nini jambo hili liwe zito kwa mtoto mdogo hasa? Mtoto aliyezaliwa kwa siku zake huja na akiba ya chuma inayomtosha takriban miezi sita ya mwanzo. Baada ya hapo maziwa ya mama, pamoja na ubora wake wote, hayana chuma cha kutosha kukidhi ukuaji wake wa kasi. Viwango vinavyotumiwa sana na wataalamu wa lishe humwekea mtoto wa miezi 7 hadi 12 miligramu 11 za chuma kwa siku. Mwanamume mtu mzima huwekewa miligramu 8. Msomaji na arudie kuzisoma tarakimu hizo. Mwenye mdomo mdogo kuliko wote mezani anahitaji chuma kingi kuliko baba yake. Utafiti wa Demografia na Afya nchini Tanzania wa mwaka 2015-16 ulikuta watoto 58 katika kila 100, wenye umri wa miezi 6 hadi 59, wana upungufu wa damu. Malaria, minyoo na selimundu vina sehemu yao katika hesabu hiyo, na nyama haiviponyi. Lakini upungufu wa chuma ni miongoni mwa sababu kubwa, na chuma kinapopungua katika miaka miwili ya kwanza, ubongo unaojengeka huathirika pia.

Kinachohitajika ni kidogo mno hata hutia haya. Nusu kilo ya steki ikiiva hupungua kwa robo au theluthi, ikabaki kama gramu 350. Mtoto wa mwaka mmoja akipata gramu 30 kati ya hizo, yaani kama vijiko viwili vya chakula vya nyama iliyosagwa, amepata fungu la maana. Halimalizi mahitaji yake ya siku, na yeyote asemaye hivyo anatia chumvi. Lakini chuma cha nyama hufyonzwa vizuri kuliko cha mimea, tena nyama ikiliwa pamoja na maharage au mchicha huusaidia mwili kufyonza na chuma kilichomo humo. Chai hufanya kinyume: kikombe kimoja cha chai ya rangi pamoja na mlo kinaweza kupunguza ufyonzwaji wa chuma cha mimea kwa zaidi ya nusu. Mtoto mdogo hana haja ya chai. (Na juisi ya rozela au kiazi chekundu nayo huitwa "ya damu" kwa sababu ya rangi tu, rangi ile haina uhusiano wowote na chuma.)

Buchani, msimshurutishe mtu kununua steki. Nyama ya shingo na ya muundi ina kano nyingi na bei yake kwa kawaida ni nafuu, lakini chuma chake si haba. Inachodai ni muda: ikatwe kukingama nyuzi, vipande vidogo, ichemke kwa moto mdogo saa mbili au tatu, au muda mfupi zaidi katika sufuria ya presha. Najua mkaa una bei yake, na ndiyo maana papai bichi lisidharauliwe. Maji yake yana kimeng'enya kinachovunja nyuzi za nyama. Ikishaiva, chota fungu la mtoto kabla ya kutia pilipili na chumvi ya wakubwa, litwange kinuni hadi liwe laini, kisha ulirudishie mchuzi kidogo. Hapo ndipo mchuzi unapofanya kazi yake halali, nayo ni kulainisha. Kipande kizima asipewe. Watoto wa chini ya miaka minne hupaliwa kwa urahisi, na finyango gumu ni moja ya vitu vinavyoziba koo.

Nyama ya kusaga ni rafiki wa mtoto, lakini ina tabia moja inayotaka hadhari. Katika kipande kizima vijidudu hukaa zaidi juu, ambako moto hufika upesi. Mashine ikishasaga, vilivyokuwa juu vimeingia ndani. Mwaka 1993, magharibi mwa Marekani, nyama ya kusaga isiyoiva sawasawa iliwaugua watu zaidi ya 700 kwa bakteria wa jamii ya E. coli, na watoto wanne wakafariki. Bakteria huyo huweza kuharibu figo za mtoto. Basi chagua kipande kwa macho yako, kisagwe mbele yako, kipikwe siku hiyohiyo mpaka kifike nyuzi joto 71 katikati. Asiye na kipimajoto aipike hadi isibaki sehemu yenye wekundu na maji yake yawe maangavu, kisha aiache ichemke dakika kadhaa zaidi.

Muhuri wa mkaguzi kwenye nyama si pambo. Mkaguzi hutazama, pamoja na mengine, vifuko vya tegu, vinavyoonekana kama punje nyeupe katikati ya nyuzi, na dalili za magonjwa ambayo mnunuzi hawezi kuyaona katika kipande alichofungiwa. Nyama ya kibudu, ng'ombe aliyejifia, isiingie nyumbani kwa bei yoyote ile. Akiwa amekufa kwa kimeta, mbegu za ugonjwa huo hustahimili mapishi ya kawaida, na anayechuna na kukatakata huweza kuugua kabla hata sufuria haijatengwa motoni.

Kuhusu kuosha nyama, sitagombana na mtu. Ninachoomba ni kwamba maji yale yasirukie bakuli la kachumbari, na kisu na ubao vilivyokatia nyama mbichi visafishwe kwa sabuni kabla ya kukatia nyanya.

Maini yanastahili neno la pekee, kwa kuwa ni laini, na chuma chake ni takriban maradufu ya kile cha mnofu. Yana pia vitamini A kwa wingi kupita kiasi: gramu 100 zilizopikwa hubeba kama maikrogramu 9,000, ilhali kikomo cha kila siku kwa mtoto wa mwaka 1 hadi 3 ni maikrogramu 600. Kijiko kimoja mara moja kwa wiki kinatosha, yasiwe chakula cha kila siku, na mama mjamzito asiyategemee.

Wahudumu wenzangu, tuache kuandika "lishe bora" kwenye kadi kana kwamba tumetoa dawa. Tuulize nyama ilipikwa lini, nani aligawa, na mtoto alipata nini sahanini. Pale ambapo baba au bibi ndiye mgawaji, tumwombe aje naye kliniki, kwa maana kumfundisha mama peke yake ni kumtwika ugomvi wa mezani asiouweza. Na kwa mtoto mwenye selimundu, hasa aliyeongezewa damu mara nyingi, vidonge vya chuma visitolewe bila vipimo. Nyama ya mlo wa kawaida haimdhuru.

Fungu la mtoto lililobaki lisiachwe mezani zaidi ya saa mbili. Lifunikwe, liwekwe kwenye jokofu, na kesho yake lipashwe mpaka litokote. Nyumba isiyo na jokofu ipike nyama ya mtoto ya mlo mmoja tu.