Oili haipandi mlima

Je, msomaji, leo asubuhi ulipoliondoa gari ili mwende kanisani au sokoni, ulipatazama pale lilipolala? Kama liliacha doa jeusi la ukubwa wa sahani, usipite ukijiambia kwamba gari kuukuu ni kama mzee, halikosi kutokwa na jasho. Mimi nilijiambia hivyo kwa miezi mitatu.

Gari langu ni Toyota Corolla la mwaka wa 1994, lililokuwa la mjomba kabla ya kuwa langu. Fundi mmoja jijini Nairobi alilipandisha kwa jeki, akachungulia kwa tochi, akaona oili imetapakaa pale injini inapokutana na giaboksi. Papo hapo akakata shauri: sili ya nyuma ya krenki imekufa, giaboksi iteremshwe. Bei aliyonitajia ilikaribia karo ya muhula mzima ya mdogo wangu aliye shule ya bweni. Nikamwambia nitarudi. Karo nikaitia katika bahasha, nikashika barabara ya Mombasa kuelekea Kibwezi.

Nilipopita Salama harufu ya oili inayoungua ikaanza kuingia ndani ya gari. Kufika Sultan Hamud, moshi mwembamba ulikuwa ukichungulia ukingoni mwa boneti. Nikaegesha.

Mji huu, kwa wasioujua, ulipewa jina la Sultani Hamoud bin Mohammed wa Unguja, aliyetawala tangu 1896 hadi 1902, na ambaye alifika huku wakati reli ilipokuwa ikijengwa. Siku hizi wanaotua hapa kwa wingi ni madereva wa malori, na palipo na malori hapakosi makanika. Nilielekezwa kwa mzee mmoja aliyekuwa na kibanda chake chini ya mti.

"Umeambiwa nini huko Nairobi, madam?" akaniuliza. Nikamweleza habari ya sili na giaboksi. Akapangusa mikono kwa tambara. "Walitazama chini. Oili haipandi mlima. Huanzia juu, ikateremka, na upepo ukaisukuma nyuma. Unapoiona ikidondoka sipo inapotoka."

Hapo ndipo wengi wetu hupotezea pesa, msomaji. Baada ya miezi ya kuvuja, injini nzima huwa imepakaa uchafu mweusi, na anayechungulia chini huona kila kitu kimelowa. Mzee hakugusa spana hata moja. Alingoja injini ipoe kabisa, akafunika distributa kwa mfuko wa nailoni, akaisugua injini kwa brashi na mafuta ya taa, akaikausha. (Usijaribu jambo hilo injini ikiwa moto, utaunguza gari na nyusi zako.) Kisha akanituma dukani ng'ambo ya barabara nikanunue poda ya mtoto. Nilidhani ananitania. Akainyunyizia pande zote mpaka injini ikawa nyeupe kama mandazi yaliyomwagiwa unga, akaniambia niiwashe ingurume robo saa.

Tulipozima, penye oili poda ilikuwa imegeuka rangi ya kahawa. Mstari mmoja tu, mwembamba, ulianzia chini ya distributa, pale inapoingia kwenye kichwa cha injini, ukateremka moja kwa moja hadi juu ya giaboksi. Ndani yake mna mpira wa duara mfano wa bangili ya kitoto, mafundi huuita oringi. Kwa miaka mingi ya joto ulikuwa umekauka ukawa mgumu kama plastiki. Sili ya krenki ilikuwa kavu.

Basi hata wewe unaweza kufanya hivi nyumbani. Anza kwa kutandika kipande cha katoni chini ya gari usiku kucha. Oili ya injini ni ya hudhurungi au nyeusi. Tone jekundu huenda likawa la giaboksi ya otomatiki au la usukani. La kijani au waridi lenye utelezi ni la radieta. Maji matupu ni ya kipoza hewa, hayo yaache. Ukishajua ni oili, safisha, nyunyiza poda, kisha anza kutazama juu kabisa. Gasketi ya kava ya juu ndiyo mkosaji wa kwanza katika magari mengi ya umri huu. Kama umebadilisha fulta majuzi, mara nyingine gasketi ya fulta ya zamani hubaki imeng'ang'ania kwenye injini na mpya ikafungwa juu yake. Hapo oili hutoka kwa kishindo. Swichi ya oili nayo huvuja. Sampu na sili za krenki zitazame mwisho.

Jambo jingine ambalo wengi hawaulizi ni pumzi ya injini. Kuna valvu ndogo na bomba la kutolea moshi unaojikusanya ndani. Likiziba, presha hutafuta njia kwenye kila gasketi, nawe utabadilisha sili kila mwaka bila kupona. Na fundi akitaka kukupakia gundi ya silikoni kila mahali, mkatalie. Ikizidi hukatikia ndani na yaweza kuziba njia ya oili.

Wakati unapotafuta, pima oili kila wiki, gari likiwa mahali tambarare na injini imezimwa kwa dakika kama kumi. Katika magari mengi madogo, kutoka alama ya chini hadi ya juu ni kama lita moja. Usingojee taa nyekundu ya oili. Hiyo haipimi kiasi, hupima presha, na ikiwaka ukiwa mwendoni zima injini papo hapo, hata kama uko mita mia tu kutoka nyumbani.

Oringi ile iliuzwa shilingi mia moja. Mzee akaifunga, akaongeza nusu lita ya oili, na pesa alizodai kwa kazi yake zilikuwa chache hata nikaona haya kupunguza. Nilifika Kibwezi kabla ya giza, na bahasha ilikuwa haijafunguliwa.

Doa bado lipo pale ninapoegesha, ila sasa halizidi sarafu ya shilingi kumi. Niliweka poda tena Jumamosi iliyopita. Mara hii ni plagi ya sampu, na washa yake ya shaba nimekwisha kuinunua.