Mzazi hulipia elimu ya bure bila kupewa risiti

KILA mwanzo wa muhula, katika malango ya shule nyingi za msingi za umma nchini, hurudiwa tukio ambalo halimo katika vitabu vya hesabu za serikali. Mzazi hufika akiwa na mwanawe. Mwalimu wa zamu humpa kijikaratasi, mara nyingi kisicho na hata nembo ya shule, chenye orodha: rimu ya karatasi za kuchapishia mitihani, pesa za mlinzi, pesa za mpishi, mchango wa madawati, ‘motisha’ ya walimu, masomo ya alfajiri. Neno karo halionekani popote. Limekuwa mwiko tangu Januari 2003.

Mzazi hulipa. Asipolipa, mtoto hurejea nyumbani saa nne asubuhi na begi mgongoni, na hurudi siku ya pili na ya tatu hadi pesa zipatikane. Akiuliza, huambiwa kwamba wazazi wenyewe ndio waliokubaliana mkutanoni. Akiomba risiti, sauti ya mwenyeji wake hubadilika.

Kwa muda mrefu, malalamiko ya wazazi kuhusu shule za umma yamechukuliwa kuwa malalamiko ya mifuko mitupu. Ni kweli kwamba mifuko ni mitupu. Lakini ukisikiliza kwa makini wanachosema wazazi wenyewe, iwe ni mama muuza mboga wa Kayole au mkulima mdogo wa Vihiga, utagundua kwamba kinachowaudhi zaidi si kutoa pesa. Wazazi wa nchi hii wamejenga madarasa kwa harambee tangu kabla ya uhuru. Kinachowaudhi ni kutoa pesa kwa ajili ya kitu ambacho serikali inaapa kwamba hakiuzwi, na kwa sababu hiyo kukosa haki ya kuuliza zilikokwenda.

Tuanzie pale neno ‘bure’ lilipopata nguvu. Marehemu Rais Mwai Kibaki na muungano wake wa Narc walipoingia mamlakani mwishoni mwa 2002, waliahidi elimu ya msingi bila malipo na wakaitekeleza mara moja, shule zilipofunguliwa Januari 2003. Zaidi ya watoto milioni moja ambao hawakuwa shuleni walijitokeza. Mwaka uliofuata, mzee Kimani Maruge, akiwa na umri wa miaka 84, alijiandikisha darasa la kwanza mjini Eldoret, na ulimwengu mzima ukamwona akiwa amevaa kaptura na soksi ndefu. Yalikuwa mafanikio ya kweli na hakuna anayepaswa kuyabeza.

Serikali ilitenga Sh1,020 kwa kila mwanafunzi kwa mwaka: Sh650 za vitabu na vifaa vya kufundishia, na Sh370 za matumizi mengine yote, yakiwemo maji, umeme, ukarabati na ujira wa wafanyakazi wasio walimu. Zaidi ya miaka 20 baadaye, mgao wa mwanafunzi wa shule ya msingi ni Sh1,420. Nyongeza hiyo ni Sh400 pekee. Katika kipindi hicho hicho bei ya unga, nauli, rangi, mabati na karatasi imepanda mara kadhaa.

Hesabu yenyewe si ngumu. Ukigawa Sh1,420 kwa siku za masomo katika mwaka, kila mtoto hupata chini ya shilingi nane kwa siku. Shule yenye wanafunzi 300 hupaswa kupata Sh426,000 kwa mwaka mzima, yaani Sh35,500 kwa mwezi. Hata hizo hazifiki zote, kwa kuwa tangu 2018 vitabu hununuliwa na serikali kuu na kupelekwa shuleni moja kwa moja. Mlinzi mmoja wa usiku na mpishi mmoja, wakilipwa kima cha chini cha mshahara kinachotakiwa na sheria jijini Nairobi, wanakaribia kuzimaliza. Chaki bado haijanunuliwa, na choo kilichojaa bado hakijanyonywa.

Kwa hivyo mwalimu mkuu, ambaye mzazi humwona kama mnyang’anyi, naye yumo mtegoni. Wizara ya Elimu humtumia waraka ikimkataza kutoza wazazi hata senti. Wizara hiyo hiyo humtaka ahakikishe shule ina mlinzi, vyoo safi na mitihani ya kila muhula. Mawaziri waliofuatana wametoa onyo lile lile kwa maneno yanayokaribiana, na kwa nadra wakafuatisha onyo hilo na pesa. Fahali wawili wapiganapo ziumiazo ni nyasi, na hapa nyasi ni yule mtoto aliyefukuzwa saa nne asubuhi.

Sheria nayo inasemaje? Kifungu cha 53 cha Katiba ya 2010 kinampa kila mtoto haki ya elimu ya msingi ya bure na ya lazima. Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 inakwenda mbali zaidi. Inakataza shule ya umma kutoza karo ya masomo. Inaruhusu ada nyingine, lakini kwa idhini ya Waziri tu, baada ya mashauriano na bodi ya elimu ya kaunti. Inasema mtoto asizuiwe kuhudhuria masomo kwa kukosa kulipa ada hizo. Na inasema waziwazi kwamba mtu yeyote asikusanye ada hizo bila kutoa risiti rasmi.

Wazazi wengi hawajui kwamba sentensi hiyo ya mwisho ipo. Wanachokijua zaidi ni upande wa pili wa sheria hiyo, ule unaowatisha: mzazi asiyempeleka mtoto shuleni anaweza kutozwa faini ya hadi Sh100,000, kufungwa kwa muda usiozidi mwaka mmoja, au kupewa adhabu zote mbili. Machifu huikumbusha jamii jambo hilo mara kwa mara. Mzazi basi huamriwa na dola kumpeleka mtoto shuleni, kisha lango la shule hiyo hiyo humrudisha.

Yote haya si mageni. Desemba 1973, Rais Jomo Kenyatta aliamuru kuondolewa kwa karo kutoka darasa la kwanza hadi la nne. Wanafunzi wa shule za msingi waliongezeka kutoka takriban milioni 1.8 mwaka huo hadi takriban milioni 2.7 mwaka 1974. Serikali haikuwa imetenga pesa za kutosha kwa umati huo. Shule zikabuni ‘ada ya ujenzi’, na katika sehemu nyingi ada hiyo ikawa kubwa kuliko karo iliyofutwa. Watoto wengi walioingia kwa shangwe waliacha shule bila kelele. Waliokuwa wanafunzi wakati huo ni babu na nyanya wa watoto wanaopewa vijikaratasi leo.

Linganisha hali ya mzazi na ya mtoaji mwingine wa pesa. Mpango wa elimu ya bure ulipoanza, Uingereza na Marekani zilikuwa miongoni mwa waliouchangia. Mwishoni mwa 2009 ilipobainika kwamba mamilioni yalikuwa yamefujwa katika Wizara ya Elimu, Uingereza ilisitisha ufadhili wake, na Marekani ikafuata mapema 2010. Wafadhili hao walijua walitoa kiasi gani, walitaka hesabu, na walipokosa kuridhika walifunga mkoba. Mzazi hana hata moja kati ya hayo. Mchango wake hauhesabiwi popote, hivyo haukaguliwi. Akiufunga mkoba wake, hakuna waziri atakayetikisika ila ni mwanawe atakayekaa nje.

Mtaala wa umilisi, uliosambazwa nchini kote 2019, uliongeza uzito. Mzazi alijikuta akitafuta manila, gundi, rangi na mboji kwa ajili ya kazi za mikono, na jioni akichapisha picha katika saibakafe. Ikaja sekondari msingi mwaka 2023, ambayo iliwekwa ndani ya shule za msingi. Matokeo yake ni ua mmoja wenye bei mbili: mwanafunzi wa Gredi ya 6 anatengewa Sh1,420 kwa mwaka, na ndugu yake wa Gredi ya 7, upande wa pili wa uwanja, anatengewa Sh15,042. Katika shule nyingi maabara yenyewe ni meza iliyowekwa pembeni mwa darasa. Wengi wa walimu waliopelekwa kuanzisha ngazi hiyo walikuwa wakufunzi wa muda waliolipwa ujira mdogo, na mwaka 2024 waligoma kwa wiki kadhaa huku watoto wakija na kuondoka bila kufundishwa.

Hata pesa zilizotengwa hazifiki zote. Ripoti ya Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali iliyotolewa 2025 ilionyesha kwamba katika miaka minne ya kifedha hadi 2023/24, shule zilipunjwa zaidi ya Sh117 bilioni za mgao, nyingi zikiwa za sekondari. Ripoti hiyo hiyo ilitaja pesa zilizotumwa kwa shule ambazo hazipo. Julai 2025, Waziri wa Fedha, Bw John Mbadi, aliiambia kamati ya elimu ya Bunge la Kitaifa kwamba serikali haiwezi kumudu Sh22,244 zilizoahidiwa kila mwanafunzi wa sekondari, na kwamba kinachopatikana ni karibu Sh16,900. Kauli hiyo ilizua ghadhabu, na viongozi wenzake serikalini wakakimbilia kuwahakikishia wananchi kwamba elimu itabaki bure. Ghadhabu hiyo ilielekezwa kusikofaa. Kwa mara moja waziri alikuwa ametaja upungufu kwa tarakimu. Walioharakisha kumfunika hawakusema ni nani angelipa tofauti ya zaidi ya Sh5,000.

Kuna jambo ambalo huwashangaza wageni wanaotembelea Kibera au Mathare. Katika mitaa hiyo, wazazi maskini kabisa huwalipia watoto wao katika shule ndogo za kibinafsi za mabati, ilhali elimu ya umma ni ya bure. Sababu mojawapo ni kwamba shule za umma huko ni chache na zimefurika. Sababu nyingine haizungumzwi sana: katika shule ya mabati bei inajulikana. Mzazi hulipa kwa wiki au kwa mwezi, hujadiliana na mwenye shule, na asiporidhika humhamisha mtoto. Vilevile tangu 2023, Kaunti ya Nairobi imekuwa ikiendesha mpango wa chakula cha mchana ambamo mzazi huchangia Sh5 kwa sahani, nayo malipo husomwa kutoka kwa bangili ya kielektroniki mkononi mwa mtoto. Pesa hizo nazo ni ada katika shule ya umma. Lakini hazijazua ule mnung’uniko wa vijikaratasi, kwa kuwa mzazi anajua anachotoa na mtoto huonekana ameshiba.

Wapo wanaopinga kuyaandika malipo ya wazazi, na hoja yao ina uzito. Wanasema serikali ikikiri tu kwamba mzazi analipa, mlango utakuwa umefunguliwa, ada zitapanda na mnyonge atafungiwa nje kama ilivyokuwa kabla ya 2003. Hofu hiyo si ya kubeza. Ila mlango huo uko wazi tayari, na anayepita akiumia zaidi ni mnyonge huyo huyo. Ada iliyoandikwa inaweza kusamehewa, kupunguzwa, kulipwa kwa awamu au kukatiwa rufaa. Mwalimu mkuu hawezi kumsamehe yatima ada ambayo rasmi haipo, na afisa wa kaunti hawezi kuchunguza malipo ambayo kila mtu anakana kuyapokea. Mzazi mwenye gari hulipa na kuondoka. Asiye na kitu hubaki akiomba hisani kwa mtu mmoja, faraghani, na hisani hutegemea siku aliyoamka nayo mwalimu mkuu.

Haihitajiki sheria mpya. Ile ya 2013 inatosha iwapo Wizara itafanya mambo ambayo imeyakwepa: kukadiria na kutangaza gharama halisi ya kumsomesha mtoto mmoja katika shule ya msingi ya umma kwa mwaka, kisha kukubali kwamba Sh1,420 si gharama hiyo. Pengo likijulikana, Bunge liamue ni sehemu gani itajazwa na ushuru. Sehemu itakayobaki kwa mzazi, ikiwa ipo, iidhinishwe na Waziri kama sheria inavyotaka, ibandikwe kwenye ubao wa matangazo wa shule kando ya kiasi na tarehe ya kila mgao uliopokelewa kutoka Nairobi, na ikusanywe kwa risiti. Walimu wakuu waaminifu, na ni wengi, wangekuwa wa kwanza kufurahia. Kwa sasa wanabeba lawama ya madeni wasiyoyaanzisha, na wasio waaminifu wanajificha nyuma yao.

Mbinu ya kutuma mgao pia inahitaji kutazamwa. Kwa utaratibu uliopo, shule hupaswa kupata asilimia 50 ya pesa za mwaka katika muhula wa kwanza, asilimia 30 katika wa pili na asilimia 20 katika wa tatu. Mara nyingi pesa za muhula wa kwanza huja wiki kadhaa baada ya shule kufunguliwa. Mlinzi, mpishi na muuza karatasi hawangoji wiki hizo, na kufikia siku pesa zinapoingia benki, kijikaratasi cha mwalimu wa zamu huwa kimeshaandikwa na kusambazwa langoni.