Takataka ya Shamba, Mali ya Mji



Kila baada ya mavuno, nitokapo ofisini naona moshi ukipanda mashambani mwetu hapa Machakos. Ni magunzi na maganda ya kahawa yanayochomwa bure. Mabua siyataji, maana ng'ombe huyala na udongo huyahitaji. Nasema juu ya yale tuyaitayo takataka.

Wenzetu wa Nakuru wameamka. Kampuni ya maji ya mji huo hukausha tope la vyoo, hulichoma katika tanuri lenye hewa kidogo, hulichanganya na vumbi la mbao lililochomwa vivyo hivyo pamoja na molasi, kisha hufinyanga makaa ya kupikia. Joto huua vijidudu, na harufu huisha.

Lakini iko hatua ya pili. Makaa yakipitishiwa mvuke katika joto la digrii 800 au zaidi, hufunguka vitundu vingi visivyoonekana kwa macho. Humo hunaswa harufu, rangi na baadhi ya sumu za dawa tunazonyunyiza. Haya ndiyo makaa ya kuchujia maji. Tope peke yake huacha majivu mengi, na makaa yake huwa hafifu. Likichanganywa na magunzi au maganda, makaa huwa bora. Hapo ndipo mji unapomhitaji mkulima.

Kwa hiyo maoni yangu ni haya: vyama vya ushirika vikusanye magunzi na maganda, kisha viende kwa Serikali ya Kaunti na kampuni ya maji kuomba tanuri moja la majaribio, na mkulima alipwe kwa gunia.

Lakini tusidanganyane. Usichote tope la choo chako ukalichoma nyumbani; lina mayai ya minyoo na vijidudu. Tope la mji wenye viwanda laweza kuwa na madini ya sumu, lazima lipimwe kwanza. Wala makaa hayo hayaondoi chumvi ya visima vyetu, na maji ya kunywa yachemshwe vilevile.

Miaka ya 1930 ilisemwa kuwa ardhi ya Machakos inakwisha kwa mmomonyoko. Wazee wetu wakaishika kwa matuta, jembe kwa jembe. Sisi tunaombwa gunia moja tu la magunzi. Je, tutaliwasha kiberiti?