Akiba ya Rubani



Ukisimama pwani ya Fumba, kusini mwa mji wa Unguja, hukai muda mrefu kabla ya kusikia mngurumo wa ndege ndogo. Uwanja wa Kisauni, ambao sasa huitwa kwa jina la Abeid Amani Karume, hauko mbali, na anga ya huko haina utulivu wa muda mrefu. Mvuvi anayetengeneza nyavu zake hainui tena macho. Watoto ndio ambao bado huzipungia mikono. Baadhi ya ndege hizo huelekea Dar es Salaam, safari ya dakika kama ishirini tu. Nyingine Pemba, nyingine Mafia. Na nyingine huendelea bara mpaka kwenye mbuga za wanyama, ambako huenda zikatua juu ya udongo mtupu au juu ya majani.

Juma hili tuizungumze safari ya aina hiyo ya mwisho: ndege ndogo yenye injini moja, kiwanja cha majani kisicho na taa wala mnara, na wasafiri wanaopiga hema kando ya bawa na kulala hapo mpaka alfajiri. Huenda wengi wetu tusiipate safari ya namna hiyo maisha yetu yote. Hata hivyo ndani yake mna funzo linalofaa kila nyumba yenye watoto na kipato cha kuhesabu. Funzo hilo ni akiba. Si akiba ya fedha peke yake, bali ya kila kitu ambacho kikikwisha hakinunuliki tena mahali ulipo.

Michezo hii ya anga si migeni kwetu Afrika Mashariki. Chama cha marubani wa Afrika Mashariki kiliundwa Nairobi mwaka 1927, wakati ambapo mtu aliyetaka kuruka ilimpasa ajitafutie uwanda wa kutua. Na katika miezi ya mwisho ya mwaka 2016, kundi la marubani lilifunga safari kutoka kisiwa cha Krete, huko Ugiriki, mpaka Cape Town, kwa ndege kuukuu za mabawa ya juu na chini zilizobuniwa katika miaka ya 1920 na 1930. Walipitia Misri, Sudan, Ethiopia, Kenya na Tanzania, wakaendelea kusini. Huko Gambela, Ethiopia, walizuiliwa na wenye mamlaka kwa siku kadhaa kabla ya kuachiwa. Msafiri ambaye hakujiwekea hata siku moja ya ziada, safari yake ingevunjika hapo hapo.

Sasa tutazame jinsi rubani anavyojiwekea akiba. Aanza na mizigo. Chukua mfano wa Cessna 172, ndege ya viti vinne iliyoanza kuuzwa mwaka 1956, ambayo zaidi ya 40,000 zimekwisha kuundwa. Mtu akiona viti vinne hudhani watu wanne watakaa, vyombo vya kambi vitajazwa nyuma, matangi yatafurika, na safari itakwenda. Sivyo. Lita 150 za petroli ya ndege peke yake zina uzito wa kilo 108 hivi, nao ni uzito wa mtu mzima mwenye kiwiliwili. Watu wazima wanne wakikaa, na matangi yakajazwa, mara nyingi uzito unaoruhusiwa huwa umekwisha kabla hujapakia hata sufuria. Hivyo rubani huwa na mizani. Huwapima watu, huyapima mahema, huyapima maji ya kunywa. Kisha huchagua: ama mtu mmoja abaki, ama petroli ipunguzwe na kituo kimoja kiongezwe njiani. Abiria aibuye uzito wa mfuko wake kwa kuona haya, au kwa ubishi, anajidanganya yeye mwenyewe. Maana ndege haisikilizi maneno.

Akiba ya pili ni ya ardhi. Majani huyashika magurudumu, na ndege hukawia kupata mwendo wa kuruka. Mamlaka ya usafiri wa anga ya Uingereza huwashauri marubani wa ndege ndogo hivi: ikiwa ndege yahitaji meta 500 kuruka kwenye lami, basi kwenye majani makavu mafupi, juu ya udongo mgumu, ihesabiwe meta 600, na majani yakiwa yamelowa, meta 650. Wakati wa kutua, majani mabichi huteleza na breki hazifai sana. Joto la mchana nalo huipunguzia hewa uzito na injini nguvu, ndiyo maana marubani wa mbugani hupenda kuondoka asubuhi mapema. Ikiwa mvua ya masika imenyesha usiku kucha na kiwanja ni kifupi, rubani mwenye busara hukaa chini, hupika chai, na kulisubiri jua.

Hata kiwanja kikiwa kirefu, chataka kutazamwa. Rubani hupita kwanza chini chini bila ya kutua, ili wanyama waondoke, na ili aone kama kuna kichuguu kipya au shimo lililochimbwa tangu alipofika mara ya mwisho. Hutazama mfuko wa upepo, kwa kuwa ndege hutua na kuruka ikiukabili upepo. Akishatua huifunga ndege kwa kamba na mambo, na katika sehemu zenye fisi huyazungushia magurudumu matawi ya miiba, kwa sababu fisi hutafuna mipira. Asubuhi hukinga petroli kidogo katika chupa na kuitazama; maji yaliyoingia usiku hukaa chini na petroli huelea juu. Hayo yote huchukua nusu saa, na hakuna hata moja katika hayo lililo la ujuzi wa ajabu. Ni uangalifu tu, unaorudiwa kila siku kana kwamba ndiyo siku ya kwanza.

Akiba ya tatu ni ya wakati. Kanuni za kimataifa zamtaka rubani arukaye mchana kwa kutazama nje abakiwe na petroli ya dakika thelathini anapofika. Na kwetu hapa, karibu na ikweta, magharibi haikawii: jua likishatua, giza huingia upesi. Kiwanja cha majani hakina taa. Kwa hiyo anayetarajia kutua saa kumi na mbili amekwisha kuchelewa. Atarajie saa kumi, ili likitokea la kutokea awe na saa mbili mkononi.

Kuna wanaouliza: mtu akishajiwekea akiba zote hizo, je, amesalimika? Jibu la kweli liko kwenye ukingo wa bonde la Ngorongoro, lilipo kaburi la kijana aitwaye Michael Grzimek. Mwishoni mwa mwaka 1957 yeye na baba yake, Profesa Bernhard Grzimek wa Frankfurt, waliondoka Ujerumani kwa ndege ndogo aina ya Dornier iliyopakwa mistari kama ya pundamilia, wakaja nayo mpaka Serengeti. Kambi yao ilikuwa Banagi. Walitua juu ya nyika, wakaruka kwa mistari iliyonyooka, na kuhesabu wanyama 366,980, ili ijulikane makundi yanahamia wapi kabla mipaka ya hifadhi haijabadilishwa. Tarehe 10 Januari 1959, Michael akiwa anaruka peke yake, tumbusi aligonga bawa la kulia, nyaya za kuiongoza ndege zikabana, nayo ikaanguka. Alikuwa na umri wa miaka 24. Baba yake alifariki mwaka 1987, na majivu yake yakazikwa hapo hapo kando ya mwanawe.

Hatuyaandiki haya kumlaumu marehemu. Twayaandika kwa sababu yanaonyesha akiba ni ya nini. Liko jambo ambalo hesabu hailioni, mfano wa yule ndege wa angani, na hilo halina dawa kamili. Lakini mengi yanayoua na kuumiza safarini si tumbusi. Ni mzigo uliozidi kidogo, saa iliyochelewa kidogo, na mtu aliyeona aibu kusema, "Leo turudi." Mwenye akiba amebakiwa na nafasi ya kupambana na lile moja asilolijua, asiye nayo hushindwa hata na yale anayoyajua.

Tena kiwanja cha majani si cha starehe tu. Mwaka 1957 madaktari watatu wapasuaji, Michael Wood, Archibald McIndoe na Tom Rees, walianzisha shirika linalojulikana kama AMREF, na kazi ya madaktari warukao ikaenea Afrika Mashariki. Kwa kijiji kilicho mbali na hospitali, uwanda uliofyekwa ndio mlango wa wodi. Mama mwenye uchungu wa siku mbili hangojei majani yafyekwe. Yawe yamekwisha kufyekwa, na vichuguu vivunjwe, na ng'ombe wawe na mchungaji, siku ambayo hakuna mgonjwa hata mmoja. Mwenye panga kijijini naye ana sehemu yake katika urubani.

Turudi sasa Fumba, ndugu msomaji, maana safari tunayoiweza ni hii: familia kupanda gari la abiria mwisho wa juma, na hema la kuazima, ili kulala usiku mmoja karibu na Ghuba ya Menai. Hapo pia hesabu ni ile ile. Pwani yetu bahari hupanda na kushuka kwa tofauti inayofika kama meta 4 wakati wa bamvua, mwezi ukiandama na ukiwa mpevu. Ukipiga hema mchana maji yakiwa mbali, usiku bahari yaweza kukugongea mlango. Tafuta mstari wa mwani mkavu, upande juu yake, kisha ongeza hatua nyingine. Hizo ndizo akiba yako. Muulize mwenyeji wa hapo kabla ya kufunga kamba, kwani anaijua bahari yake. Maji ya kunywa yachukuliwe ya siku mbili kwa safari ya siku moja. Nauli ya kurudi iwekwe mbali na fedha ya matumizi. Na wingu la mvua likikusanyika baharini, baba asione ugumu kuwaambia watoto kwamba safari itakuwa juma lijalo. Watanuna jioni hiyo, kisha watasahau.

Wazee walisema akiba haiozi. Rubani huiamini methali hiyo kuliko sisi, kwa sababu huko aliko hakuna duka la jirani la kukopa. Basi mara nyingine usikiapo mngurumo juu ya Fumba, na watoto wakakimbilia nje kupunga mikono, waelezeni kwamba yule aliye juu alianza safari yake kwa mizani, akatazama petroli yake katika chupa, na alikuwa tayari kubaki nyumbani kama hesabu zingekataa.