BAO LISILO LA HAKI

Kila Jumamosi jioni, baada ya chakula, wenzangu hubishana juu ya mpira wa Uingereza. Huyu atataja bao la Geoff Hurst la mwaka 1966, lililogonga mwamba likaangukia mstarini, ambalo hata leo watu hawajakubaliana kama liliingia. Yule atamtaja golikipa Bert Trautmann, aliyemaliza fainali ya Kombe la F.A. mwaka 1956 hali shingo yake imevunjika. Ni mambo ya ajabu kweli. Lakini mimi naona ajabu iliyo kubwa zaidi ni mtu kuwa na ushindi mkononi, kisha akaukataa.

Sikilizeni habari hii. Tarehe 13 Februari 1999 Arsenal walicheza na Sheffield United uwanjani Highbury, London. Walikuwa sare, bao moja kwa moja. Mchezaji mmoja wa Sheffield akaumia, na golikipa wao akautoa mpira nje makusudi ili mwenzake atibiwe. Kwa desturi, mpira wa namna hiyo hurudishiwa wenyewe. Ray Parlour wa Arsenal akaurusha kwa nia hiyo. Lakini Nwankwo Kanu, kijana wa Nijeria aliyekuwa akiichezea Arsenal kwa mara ya kwanza, hakuelewa. Akaukimbilia, akampa Marc Overmars, naye akafunga. Mwamuzi akalikubali bao, maana hakuna sheria iliyovunjwa. Arsenal wakashinda 2 kwa 1.

Basi, mchezo ulipokwisha, meneja wa Arsenal, Arsène Wenger, akaona kuwa ushindi ule si wa haki, akajitolea mchezo urudiwe. Wakuu wa mpira wakaafiki. Siku kumi baadaye wakarudiana pale pale, na Arsenal wakashinda tena 2 kwa 1.

Wapo watakaosema kwamba Wenger alijua timu yake ni bora, ndiyo maana hakuogopa. Labda. Basi na tumtazame Paolo Di Canio wa West Ham. Desemba 2000, katika uwanja wa Everton, timu zikiwa sare na mchezo unakaribia kwisha, mpira ulimjia mbele ya goli huku golikipa amelala chini kwa maumivu. Di Canio akaudaka kwa mikono miwili ili mchezo usimame. West Ham hawakupata bao, wakaondoka na sare yao. Lakini mashabiki wa Everton walisimama wakampigia makofi.

Kwa nini naandika haya? Muhula uliopita, katika fainali ya mabweni, mimi ndiye niliyefunga bao la ushindi. Wengi wenu mlinibeba mabegani. Ukweli ni kwamba mpira ule niliusukuma kwa mkono. Mwalimu aliyechezesha alizibwa na wachezaji, hakuona. Golikipa aliona. Alinitazama tu, asiseme neno, na tangu siku ile hatuzungumzi kama zamani.

Wenzangu bwenini waliniambia: neno la mwamuzi ndilo la mwisho, kombe limekwisha ingia kabatini, nyamaza. Nami nilinyamaza likizo nzima. Lakini neno la mwamuzi humaliza ubishi tu. Haligeuzi mkono ukawa mguu.

Kwa hiyo namwomba Mwalimu wa Michezo, mbele ya wasomaji wote, mchezo ule urudiwe muhula huu, nami nikae nje nisicheze. Huenda tukashinda kama Arsenal, huenda tukashindwa. Wenzangu nawataka radhi, maana kombe hilo si langu peke yangu, na wao walicheza kwa haki. Lakini sharti niseme. Wahenga walisema njia ya mwongo ni fupi, nami nimefika mwisho wa yangu.